Mgeni Wetu Juliana

Kashozi, Bukoba
9 Aprili 1983

Limi mpenzi,

Zahoro wa mtumbwi akikukabidhi barua hii usiisome mbele ya watu. Ingia ndani, kaa, usome taratibu kama tulivyokuwa tukisoma barua za kaka zako chini ya dawati, Sista akiwa ameelekea ubaoni.

Nina biashara, Limi. Mimi! Yule uliyesema hawezi kumuuzia chumvi hata mtu mwenye mchuzi mdomoni.

Tangu ulipoacha shule kwenda kumsaidia baba yako huko kisiwani, dawati letu limekuwa kubwa na mimi nimekuwa mpweke. Likizo hii sikwenda kwa wazazi Kanazi. Nilibaki hapa kwa Shangazi Jovita, na ndipo nilipogundua kwamba ndizi anazouza gulioni ni kisingizio tu. Anauza kitambaa kinachovuka mpaka kutoka Uganda. Anayekileta ni Bwana Rutashobya, ambaye wakati wa vita alikuwa dereva wa mgambo na akazijua njia zote za Masaka, hata zile ambazo mbuzi wanaziogopa.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Binti wa sekondari, ukipewa kitambaa uuze, utaanzaje?" Nikasema nitakitandaza mezani, nitaje bei, ningoje wateja. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ukingoja utazeeka. Kwanza mpe mtu mmoja avae bure, mtu anayetazamwa. Wengine watakuja wenyewe kukuuliza." Nikampa kiongozi wa kwaya. Jumapili ile kanisani nadhani hakuna aliyesikia mahubiri. Jumatatu Shangazi hakuwa na kitambaa kilichobaki. Limi, nilisikia kitu kikinipanda kifuani ambacho sijawahi kukisikia hata siku niliyopata alama za juu katika hesabu.

Sasa sikiliza. Kitambaa chenyewe wote wanakiita Juliana. Ni laini, kinang'aa, ukikishika kinateleza kama samaki hai. Na unajua serikali inavyowasaka wahujumu uchumi. Watu wanamwaga sukari chooni, wengine wanatupa vitenge ziwani. Barua zinaweza kufunguliwa. Kwa hiyo tutamwandika Juliana kama mtu. Nikikuambia Juliana anakuja kuwatembelea, ujue mzigo uko kwa Zahoro. Ukiniambia Juliana ameolewa, nitajua umeuzika. Barua hii ya kwanza uichome.

Wavuvi wenu wana pesa na hawana mahali pa kuonekana nadhifu. Wewe utauza huko, utanirudishia dagaa, Shangazi atawauza hapa. Nani atamkamata mtu kwa dagaa?

Nataka duka langu, Limi. Si la shangazi, wala la mume. Duka lenye kibao mbele, na juu yake jina langu na lako. Nalitaka mpaka naliota. Sema ndiyo.

Rafiki yako,
Immakulata

*

Kisiwani Bumbire, Muleba
28 Aprili 1983

Kwako wewe Mhaya mwenye majivuno,

Ndiyo! Ulidhani nitasema nini? Tangu nirudi huku nanuka dagaa mpaka kwenye ndoto. Nipe kazi nyingine haraka.

Juliana amefika salama. Zahoro alimlaza chini ya nyavu kuukuu, kwa hiyo alifika akinuka samaki kidogo, lakini mrembo hata akinuka ni mrembo. Baba aliniuliza ni nani huyo Juliana tunayemtaja mimi na Zahoro. Nikamwambia ni rafiki yetu wa shule, yatima. Unamjua Mzee Mashauri. Macho yakamlegea, akasema akifika apewe chakula kabla ya kuulizwa habari.

Nilifuata somo la huyo mwalimu wako. Hapa anayetazamwa ni Kija. Anapiga kasia kuliko wote, ngoma ikilia yeye ndiye wa kwanza uwanjani, na ana meno ambayo Mungu aliyapanga siku aliyokuwa hana haraka. Nikamshonea shati. Alipotokea nalo mwaloni, wavuvi waliacha mitumbwi ikielea bila kufungwa. Mayenga, mvuvi mwenzake, alikuja kutaka lake jioni ile ile. Bernadeta, yule anayepika na kuuza pombe pale mwaloni, ameshona gauni na wanaume wameongezeka kibandani kwake. Kifupi, Juliana ameolewa na nusu ya kisiwa wala hajachoka. Mlete dada yake.

Dagaa wanakuja na Zahoro. Nimewaanika juu ya majani, hawana mchanga. Sisi Wasukuma hatudanganyi mizani.

Asante, wabeja sana,
Limi, mfanyabiashara

*

Kashozi
14 Agosti 1983

Mshirika wangu Limi,

Shangazi anasema wewe ni mwaminifu kuliko Kashozi nzima, naye si mtu wa kumsifu Msukuma kila siku.

Nimekuwa mwanafunzi wa shule mbili. Asubuhi nipo kwa masista, jioni nipo kwa Rutashobya. Sista alinikuta nachora kibao cha duka nyuma ya daftari la jiografia, akasema biashara ni ya watu wasio na wito. Nilimjibu moyoni kwamba huo ndio wito wangu. Rutashobya ananifundisha yasiyomo vitabuni. Usiuze vyote siku moja hata wateja wakilia. Usimcheke mteja aliyechagua vibaya. Na mfanyabiashara asivae bidhaa yake. Yeye ana mashati meupe ya pamba, yale yale, anayafua mwenyewe. "Nikimvaa Juliana," anasema, "watanitazama mimi wamwache yeye."

Anayemvaa ni mkewe, Petronila. Sikukwambia mapema, sijui kwa nini. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa kumvaa hapa kwetu. Gauni la kijani, la kukaza kiunoni. Siku hizi limemlegea. Anasema ni kwa sababu ya kunyonyesha. Mtoto wake halii, Limi. Ukiingia anakutazama tu, na ukiondoka anaendelea kupatazama pale ulipokuwa umesimama.

Jambo moja la kipuuzi, usinicheke. Juliana analala chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la bati, kwa kuwa wapekuzi hawasumbui chumba cha mwanafunzi. Nikizima taa namsikia. Si panya, panya nawajua. Ni mchakacho wa kitambaa, kama mtu anayejigeuza upande wa pili. Asubuhi nikifungua namkuta amekunjwa vile vile nilivyomkunja. Nimeanza kumwambia usiku mwema, ili nijidanganye kwamba ni utani wetu.

Mpaka sasa hajajibu.

Wako,
Immakulata

*

Kisiwani Bumbire
6 Novemba 1983

Immakulata,

Leo sina utani, nisamehe. Usimtume Juliana kwa sasa.

Kija amekonda. Ilianza kama malaria, akameza klorokwini, akapona, ikarudi. Kisha tumbo. Jana nilikuwa naanika dagaa, nikaliona shati. Lilikuwa linakuja lenyewe juu ya mchanga, linapepea, linang'aa, na kwa kitambo sikuona mtu. Kisha nikagundua kwamba Kija yumo ndani. Alinisalimia, "Mwadila, Limi," kwa sauti yake ile ile. Shati halijachakaa hata uzi mmoja. Aliyechakaa ni yeye.

Mayenga naye ni hivyo hivyo. Bernadeta amefunga kibanda, hawezi kusimama karibu na moto. Nimewapitia mmoja mmoja kichwani na wote walimvaa.

Lakini lililonitetemesha ni hili. Mimi na wewe tulimgeuza Juliana kuwa mtu kwenye karatasi tu, sivyo? Jana mama mmoja aliyekuwa akifua ziwani alimwambia mwenzake, "Kija hana malaria. Kija ana Juliana." Alilisema kama jina la mtu wanayemjua, mtu aliyewahi kuingia nyumbani kwao. Sasa wote wanasema hivyo. Juliana amemshika fulani. Juliana hatoki kwa fulani.

Baba amesikia. Alikuja kuniuliza kama ni yule rafiki yetu yatima. Kisha akaniambia mwenyewe. Kumbe tangu mwezi wa nne, kila jioni, alikuwa akibakiza tonge la ugali kando ya sufuria, "la mgeni wenu, akichelewa." Na kila asubuhi halipo. Mimi nilidhani analila mdogo wangu. Mdogo wangu alidhani nalila mimi.

Labda ni kuku. Niambie ni kuku, Immakulata.

Limi

*

Kashozi
22 Januari 1984

Limi mpenzi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu huku kulikuwa na msiba juu ya msiba. Tumemzika Petronila, na mtoto akamfuata kabla nyasi za matanga hazijaondolewa sebuleni. Alizikwa na lile gauni la kijani. Hakuna mwanamke aliyetaka kumvua. Chumba kilikuwa na giza, madirisha yamefungwa, na sisi tulioingia kumuaga hatukumwona yeye. Tuliona gauni limelala.

Hata huku wanauita ugonjwa kwa jina lile. Wanasema kitambaa kilitoka katika maduka ya Masaka yaliyovunjwa wakati wa vita, kwamba wenye maduka walifia juu ya majora yao, na sasa wanafuata kilicho chao popote kilipo, wakimla aliyekivaa kutoka ndani. Wengine wanasema tulilogewa mzigo mpakani. Padre ametuambia tusiamini uchawi. Lakini tulipomwomba abariki chumba changu, alinyunyiza maji ya baraka akiwa mlangoni, hakuvuka kizingiti.

Shangazi alitaka tupeleke mzigo uliobaki upande wa Ijuganyondo, ambako habari zilikuwa hazijafika, tuuze upesi kwa bei ya chini. Nilikataa. Nilimwambia siwezi kumuuzia mtu kitu ambacho mimi mwenyewe naogopa kukivaa. "Mawe! Sasa unanifundisha biashara?" akasema, akanifokea mpaka jirani akaja. Lakini mzigo haukwenda. Hilo sikufundishwa na mtu, Limi, na nadhani ndiyo siku niliyokuwa mfanyabiashara kweli.

Rutashobya anakuja jioni, anakaa uani kwetu. Jana akasema tu, "Mimi ndiye niliyemleta nyumbani." Kisha akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume mzima akilia vile, mabega yote. Nikamletea maji, nikashika kikombe mpaka akamaliza kunywa.

Juliana bado yuko chini ya kitanda. Hakuna anayetaka kumhamisha.

Wako,
Immakulata

*

Kisiwani Bumbire
10 Aprili 1984

Immakulata,

Kija amekufa. Mayenga na Bernadeta walimtangulia.

Nikuambie nililokuficha. Kija alitaka kunioa. Alimtuma mjomba wake kwa baba na habari za ng'ombe, mwaka jana, wakati mimi nilikuwa nakuandikia vichekesho. Nami nilimpenda, we! Mitumbwi ikiwa inarudi nilikuwa nalitambua kasia lake kwa sauti tu. Hakuwahi kunishika hata mkono, nilimwambia angoje ng'ombe wafike. Halafu akaanza kukonda. Nikamwambia, vua hilo shati ulichome, ndipo uingie kwetu. Akakataa. Alisema shati lile ndilo lililomfanya awe mtu hapa kisiwani. Nikamwambia basi, mimi siolewi na shati. Tukakaa hivyo, yeye na shati lake, mimi na ukaidi wangu, mpaka mwisho. Naumia mpaka mifupani na sina hata haki ya kukaa na wafiwa.

Nikupe la kukuchekesha, maana hatujacheka siku nyingi. Juzi alikuja tabibu wa serikali kwa boti. Akakusanya akina mama kwenye banda la nyavu, akaanza kuuliza maswali. Unadhani aliuliza habari za kitambaa? Aliuliza nani analala na nani! Eti Bernadeta alikuwa na urafiki na wanaume gani. Eti Kija alikuwa akienda mwalo wa pili anafikia kwa nani. Eti wanaume wakirudi safari wake zao wanajisikiaje. Mbele ya wakwe, Immakulata! Wanawake walijifunika nyuso. Nikasimama mimi mwenye elimu, nikamletea shati la Mayenga juu ya kijiti, nikamwambia, "Daktari, ugonjwa ni huu hapa." Akalitazama, akasema, "Dada yangu, shati halina kosa." Banda zima tuliangua kicheko. Hakupata hata mmoja wa kumjibu. Akapanda boti yake bila kuonja uji.

Na wewe je? Zamani ulikuwa ukiandika Bwana Rutashobya. Baadaye Rutashobya. Mimi ni mtoto wa mvuvi, kamba ikivutwa najua.

Limi

*

Kashozi
16 Septemba 1984

Limi mpenzi,

Umeshinda, mtoto wa mvuvi. Sasa namwita Ruta.

Anataka kunioa nikimaliza mtihani wa kidato cha nne. Amekwenda kwa wazazi Kanazi, wamempokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Na sikiliza: tangu bajeti ya mwaka huu watu wanaruhusiwa kuleta bidhaa bila kujificha. Amepata chumba Ijuganyondo, kando ya barabara. Tutauza sabuni, chumvi, mafuta ya taa, vitu ambavyo kila mtu anavitafuta na havimuui mtu. Nilimwambia nataka kibao kiwe na jina langu. Alikubali kabla sijamaliza kusema, na akauliza jina lako linaandikwaje. Hakuna mwanamume mwingine Bukoba hii ambaye angeuliza hivyo.

Lakini naogopa, Limi. Naogopa sana. Nyumba ile imetoa majeneza mawili, na watu wananinong'oneza kwamba Juliana bado yumo. Mimi nataka kuishi. Nataka kuzeeka nikiwa nyuma ya meza ya duka langu, nikiwafokea wajukuu wasiguse peremende.

Kwa hiyo nimemchunguza kama alivyonifundisha kuchunguza mzigo. Nimepekua mashati yake, yote ni ya pamba. Nimemsimamisha mbele ya sanamu ya Bikira Maria nikamuuliza kama amewahi kumvaa, hata siku moja, hata leso. Hajawahi. Mwezi wa tano aliugua na roho yangu ilitaka kutoka, lakini ulikuwa mkanda wa jeshi tu, yale malengelenge yanayozunguka mbavu upande mmoja. Shangazi alimtania, "Waitu, vita vimekwisha, mgambo wetu bado amefunga mkanda!" Amepona, limebaki kovu. Amepungua kidogo, lakini ni mgane gani asiyepungua?

Kichwa changu kinasema hana kosa. Moyo wangu ulishasema zamani. Lakini wewe ndiye uliyemwona Juliana akifanya kazi, na wewe ndiye uliyemkataa Kija na uko hai. Niamulie. Ukisema hapana, nitakaa bila kuolewa, nakuapia, na sitakulaumu.

Immakulata

*

Kisiwani Bumbire
7 Oktoba 1984

Immakulata,

Barua yako nimetembea nayo kwenye kanga siku nyingi. Nilitaka nisiijibu kama rafiki tu.

Nilimuuliza na baba. Akasema, "Mtu aliyefiwa na mke na mtoto kwa pamoja, mwacheni kwanza. Mngoje muone." Nikamuuliza tungoje nini. Hakujua. Alisema ni moyo tu unamwambia. Lakini baba ndiye anayebakiza tonge la mgeni mpaka leo, ingawa nimemsihi aache, kwa hiyo mambo haya simsikilizi sana.

Mimi nimewaza hivi. Kija nilimkataa kwa sababu ya shati. Laiti angelivua siku ile niliyomwambia, leo ningekuwa mkewe, ningekuwa nimembeba mtoto mwenye meno yale. Wewe Mungu amekupa mwanamume ambaye hakuambiwa na mtu, alijikinga mwenyewe tangu mwanzo. Unataka ishara gani nyingine?

Olewa, Immakulata. Nasema kwa moyo mweupe. Ila nina sharti moja na usinidanganye. Mchome Juliana kabla ya harusi. Wote, hata vipande vilivyobaki kwenye cherehani ya Shangazi, na wewe mwenyewe uone kwa macho yako. Asivuke mlango huo pamoja nawe.

Nikipata mtumbwi nitakuja harusini. Nikikosa, jua kwamba nimecheza peke yangu mwaloni.

Limi wako

*

Ijuganyondo, Bukoba
3 Machi 1985

Limi mpenzi,

Hukupata mtumbwi, na nilikutafuta kwa macho hata nikiwa mbele ya Padre. Lakini nimekusamehe, maana bila wewe harusi isingekuwepo.

Sharti lako nilitimiza. Tulimpeleka nyikani, mbali na kibanja chetu cha migomba, mchana jua likiwa kali, mimi na Ruta na Shangazi. Limi, hakuungua kama nguo. Aliyeyuka. Alidondoka matone meusi yaliyokuwa yakilia kwenye majani, na moshi wake ulikuwa mzito, ulitambaa chini ukatufuata kila tulipohamia. Kulikuwa na gauni moja ambalo halikuwahi kupata mtu. Moto ulipoingia chini yake lilijaa, likasimama wima kwa kitambo, kifua na mabega na kiuno, likatugeukia, kisha likakaa chini taratibu. Shangazi alipiga magoti papo hapo. Ruta aliendelea kumgeuzageuza kwa mti mpaka akabaki donge jeusi, ingawa moshi ulimkamata, akakohoa mpaka ikabidi akae. Donge tulilifukia. Sanduku tulilitoboa matundu, halitawekwa kitu tena. Sikuondoka mpaka majivu yalipopoa na nikayapekua kwa mikono yangu kuona kama kuna uzi uliobaki. Haukuwepo.

Duka limefunguliwa! Kibao ni cha buluu, herufi nyeupe, jina langu na lako, na jina lako halikukosewa. Mwanzoni watu walipita upande wa pili wa barabara. Nikafanya kama nilivyofundishwa, nikawagawia sabuni wake za walimu, vipande vidogo, bure. Sasa wanakuja. Wananiita Mama Duka nami najifanya sisikii ili waite tena. Uje Pasaka uone kiti chako, nimekiweka nyuma ya meza, hakuna anayekikalia.

Ruta ananipenda, sikufichi. Mchana anachoka upesi, kwa hiyo mimi ndiye ninayefungua na kufunga. Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Anasema ni joto la nyumba za bati, hakulizoea. Nambadilishia shuka, nalala karibu naye. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyolala bila hofu.

Nina habari nyingine ambayo hata yeye bado sijamwambia, wewe ndiye wa kwanza. Mwezi uliopita sikuona siku zangu. Nimefurahi mpaka nacheka peke yangu nikipima chumvi. Tumejihadhari kwa kila kitu, Limi, kwa hiyo mtoto huyu atazaliwa katika nyumba safi.

Rafiki yako,
Immakulata